Kura Hamsini na Sita za Jimbo la Elodie

Tarehe 9, mwezi wa 11, 2024. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi

Mwalimu Jules amesema kila mmoja wetu aandike shajara mpaka masomo ya historia yaishe, hata mstari mmoja, hata siku ambayo hakuna kitu. Eti mkono ukizoea, travail, ile kazi ya mwisho, itatoka bila machozi. Bon. Naitwa Annonciata, natoka Bukavu, niko na miaka arobaini na ine, nashona nguo. Sina bwana, sina mtoto. Niko na mdogo wangu mmoja tu, Elodie, na yeye iko Amerika, jimbo la New Hampshire. Mi njo nilimulea tangu mama alipokufa. Alipoolewa na Olivier, jina lake likaingia kwenye dosye ya bwana ya kuhamia Amerika, dosye ikatembea, bakaenda 2018. Yangu ikabaki. Dosye ya mwanamke mmoja peke yake, nani ataikimbilia?

Sasa imetembea. Mahojiano nimepita yote, hospitali nilimaliza kule Lilongwe. Nangoja tarehe ya ndege, nitakwenda kwa mdogo wangu.

Mvua bado. Joto hili litatuua.

Tarehe 10

Elodie amepiga. Alipata uraia mwaka huu, na juma hili amepiga kura mara ya kwanza katika maisha yake. Alinitumia picha: amebandika kwenye jaketi karatasi ndogo ya duara ya bale bamekwisha kupiga, anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. "Yaya, dada yangu, banatukaribisha pale na heshima, nasema hata mi ni muntu!" Nilifurahi kama vile mimi njo nilipiga. Sikumuuliza alimpigia nani. Sikuona kama inanihusu.

Tarehe 14

Leo mwalimu Jules amegawa kazi ya mwisho. Kila mwanafunzi achukue jimbo moja la Amerika na uchaguzi mmoja wa rais wa miaka ile ya 1900 mpaka 1920, aeleze kwa nini bantu ba kule balipiga kura vile balivyopiga. Wenzangu bakagombania New York na Texas. Mi nikainua mkono nikaomba New Hampshire, 1916. Bienvenu, anayejiona mwanasiasa, akacheka: "Jimbo gani hilo? Kwenye ramani ni kama kipande cha kitambaa kilichobaki kwa fundi."

Acha acheke. Nikifika kule nitakuwa najua historia yao kuliko bazaliwa ba kule.

Tarehe 18

Nashona uniforme za kwaya. Hakuna kitu.

Tarehe 28

Mvua ya kwanza. Jirani yangu Ndayisenga alitoka nje na batoto bake bote, bakasimama kwenye mvua bakiimba Kirundi. Nyumba zetu zinagusana ukuta. Moshi wake unaingia kwangu, kikohozi chake kinaingia kwangu, na kila asubui kabla ya jua anaanza kusali kwa sauti, anamtajia Mungu majina ya ukoo mzima. Kama kuna kitu sitakikumbuka Amerika, ni huyu mama.

Tarehe 3, mwezi wa 12

Nimeyapata matokeo ya 1916! Niliyasoma kwenye ordinateri, kompyuta ya darasa, nikamwita Jules aje ahakikishe kwamba sijakosea.

Wilson, 43,781. Hughes, 43,725. Tofauti yao ni kura hamsini na sita. Jimbo zima, na milima yake na theluji yake, limeamuliwa na bantu hamsini na sita. Hao banaenea kanisani kwetu na viti vinabaki.

Halafu nimesoma kwamba katika viwanda vya nguo vya Manchester, mji ule ule Elodie anakaa, wafumaji bengi balikuwa bageni kutoka Kanada, na balikuwa banaongea Kifaransa. Bafumaji, bageni, Bafaranko. Nilibaki nacheka peke yangu pale mbele ya ordinateri. Wanawake balikuwa hawaruhusiwi kupiga. Kwa hiyo hao hamsini na sita ni wanaume, na wake zao balibaki nyumbani.

Tarehe 8

Nilimwambia Elodie juu ya kura hamsini na sita. Akasema, "Kumbe hata ile yangu moja iko na maana." Nikamwambia ndiyo, mama, iko na maana.

Tarehe 19

Nimepata tarehe. Tarehe ine, mwezi wa pili.

Siwezi kuandika leo.

Tarehe 2, mwezi wa 1, 2025

Kanisani kwetu kuna desturi. Mtu akipata tarehe ya ndege hauzi vitu, anagawa. Na anagawa vyote. Ukibakisha hata sufuria moja kwa rafiki, eti "kama kitu kikitokea," umejiitia mkosi mwenyewe. Pasta Lwaboshi anasemaga Bana Israeli hawakuwekesha nyungu zao kwa Bamisri. Na kitu kilichogawiwa hakirudi. Kukirudisha ni kama kusema hukumuamini Mungu tangu mwanzo.

Kwa hiyo nimegawa. Godoro, viti, ndoo, sahani, picha ya ukutani. Bilanga, shamba langu la mahindi, mahindi yakiwa yamefika kwenye magoti. Nyumba, mashini ya kushona na ile bilanga nimempa Ndayisenga. Pasta njo aliniambia, juu mama yule ana batoto bengi na chumba kimoja. Nilitoa bila furaha, niseme kweli. Nilitaka impate mtu asiyekohoa.

Yeye aliishika ile mashini kwa mikono miwili, akasema, "Yoo, Tantine. Mi hata sijui inaanzia wapi." Nilimuonyesha kupitisha uzi. Hakushika.

Tarehe 11

Mvua siku tatu bila kupumzika. Nalala kwenye kitenge.

Tarehe 19

Leo wameniaga. Kwaya iliimba, bamama balinizunguka, kila mmoja akaweka mkono kichwani mwangu, na Pasta akasema maneno yale ya siku zote: "Tunakutoa kwetu, tunakukabidhi kule." Baada ya hapo jina linafutwa kwa sauti mbele ya kanisa, lote linajibu "Amina." Nimeona bengi bakiagwa hivyo. Safari hii mi nami nilijibu "Amina," nikilifuta jina langu mwenyewe.

Ndayisenga alilia kuliko bote. Niliona haya kidogo.

Tarehe 22. Nimerudi kutoka Lilongwe

Naandika polepole ili niandike vizuri.

Nilikwenda soko la Chilinde kutafuta koti la baridi kwenye nguo za mitumba. Niliona moja zito, la rangi ya majivu, bitana yake imeshonwa na mtu anayejua kazi. Nilikuwa nimelivaa, jasho linanitoka, muuzaji ananisifu kwa Chichewa, na simu ikalia ujumbe. Ulikuwa kwa Kiingereza. Safari zote zimesimamishwa. Za wote. Msije kwenye ofisi. Mtaambiwa.

Nikausoma tena. Nikamuuliza msichana aliyekuwa anachagua sketi pembeni yangu anisomee kwa sauti, juu nilifikiri labda Kiingereza changu kimenidanganya. Akausoma. Akaniangalia. Akasema, "Pepani, amayi." Pole, mama.

Muuzaji akauliza kama nachukua koti ama naacha. Nikalivua nikamrudishia, nikasema zikomo, asante. Nikapanda gari, nikapanda kabaza, yule kijana wa baiskeli akawa ananiuliza kama nilipata nilichokwenda kutafuta, nikasema hapana, bei ilinishinda.

Nilipofika kambini bote balikuwa banajua. Sikuwa mimi peke yangu. Kuna familia zimepata ujumbe huo huo, na moja ndege yao ilikuwa kesho. Balikaa nje kwenye mabegi, batoto bamevaa viatu vipya. Hakuna aliyekuwa analia. Rais mpya ameingia juzi, akatia sahihi bakimbizi basiingie, basi.

Nikasimama mbele ya nyumba yangu, ambayo haiko yangu. Binti bakubwa ba Ndayisenga balikuwa bamekwisha kutandika. Yeye akatoka, mikono ina unga, akanitazama. Akasema, "Ingia, Tantine. Mvua inakuja."

Tarehe 24

Siku ya tatu. Ndayisenga ameniletea jembe. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema, na akacheka peke yake. Tukaenda kupalilia mahindi. Yale mahindi nilipanda mimi.

Tarehe 27

Bantu bananikwepa. Hawanichukii, hapana. Hawajui banisalimu namna gani. Mama aliyechukua sahani zangu amepitia njia ya nyuma ya soko ili tusikutane. Yule wa godoro aliniambia "Mungu anajua" na akaendelea na safari. Mtu ukishaagwa, umeagwa.

Tarehe 2, mwezi wa 2

Kanisani. Msimamizi alisema bageni basimame tubapokee. Balisimama babili, kisha akaniangalia mimi, akaangalia karatasi yake, akaniangalia tena. Nami sikujua. Nikasimama. Balinipigia makofi, kanisa ambalo nimelishonea mapazia.

Tarehe 4

Leo njo ilikuwa siku yenyewe. Mvua kubwa. Hata ndege ingechelewa.

Tarehe 9

Elodie hapigi. Tangu ujumbe ule alipiga mara moja, akalia, akakata. Nikimpigia, inalia mpaka inachoka. Olivier anasema iko kazini. Kila saa iko kazini.

Tarehe 16

Amepiga baada ya kanisa. Nilitoka nje nikakaa chini ya paa la jikoni. Naandika vile tulivyosema, nisije nikamsingizia kesho.

"Yaya, usikate."

"Sijakata. Uko wapi siku zote hizi?"

"Niko. Yaya, mi nilimpigia yeye."

"Ulimpigia nani?"

"Ule. Ule aliyefunga."

Nilidhani anasema alimpigia simu. Kweli, nilidhani hivyo, nikaanza hata kumuuliza alipata wapi namba. Akasema hapana Yaya, kura, mwezi wa kumi na moja. Nikamuuliza, ni kusema nini?

"Kule kanisani kwetu balisema ule njo anamuogopa Mungu. Tulifunga, tuliomba. Na bei zilipanda, Yaya, mayai ilikuwa hainunuliki. Na mi nilimusikia vizuri, alikuwa anasema juu ya bale banaruka ukuta. Nikasema sisi hatukuruka ukuta. Sisi tuko na dosye. Yaya wangu iko na dosye."

Nikahamisha simu kwenye sikio la pili.

"Nilikuwa nataka ukifika ukute nchi muzuri," akasema.

Nikakata. Tangu aende, hiyo njo mara ya kwanza mimi kumkatia.

Nina hasira mpaka meno yananiuma. Nilimbeba mgongoni kutoka Bukavu, mpaka akawa mzito ananishinda, nikambeba bado. Ile picha yake na kile kikaratasi kwenye jaketi iko bado kwenye simu yangu. Anacheka.

Tarehe 17

Nilimuomba Jules ordinateri. Nikatafuta matokeo ya jimbo la Elodie, sasa ya 1916 hapana, ya mwezi wa kumi na moja. Kule New Hampshire yule mtu alishindwa. Jimbo lilimpa mwingine.

Kwa hiyo kura ya mdogo wangu haikunifungia mlango. Ilipotea pamoja na zingine za kwao, majimbo mengine njo yalifunga. Hiyo ilipaswa kunituliza, na haikunituliza hata kidogo. Ningependa awe na kosa kubwa kabisa, ama asiwe nalo. Hili la katikati sijui niliweke wapi.

Tarehe 18

Simu imelia. Sikushika.

Tarehe 23

Imelia. Sikushika.

Tarehe 2, mwezi wa 3

Imelia mara mbili. Ndayisenga akasema, "Tantine, simu." Nikasema nimeisikia.

Tarehe 3

Sijamwambia mtu. Nimwambie nani? Pasta atasema tusamehe. Bienvenu atafanya kongamano. Ningemwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo ni Elodie.

Tarehe 6

Leo nimesimama mbele ya darasa na kazi yangu. Nilisema juu ya milima, viwanda, bafumaji ba Kifaransa. Nilisema kwamba bengi balimchagua Wilson juu alikuwa amebaepusha na vita vya Ulaya, na bale bageni balikuwa hawataki batoto babo bavuke bahari kwenda kufa. Kisha nikaandika ubaoni: 56. Wenzangu bakainua vichwa, nikafurahi kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza.

Jules akasema, "Kazi nzuri, Mama Annonciata. Lakini jiulize jambo moja. Ukiondoa New Hampshire yote, Wilson anashinda bado. California njo iliamua."

"Donc bale hamsini na sita balijichosha bure," Bienvenu akasema.

"Na vita?" mwanafunzi mwingine akauliza.

Nikajibu kwamba vita balikwenda. Rais aliapishwa mwezi wa tatu, mwezi wa ine njo akaingiza nchi vitani. Darasa lote likacheka, kile kicheko cha bantu ba Kivu wakisikia habari za marais. Mi nikakaa.

Tangu pale namuwaza mtu mmoja. Simjui jina, namtengeneza kichwani. Mfumaji wa Manchester, anaongea Kifaransa kama mimi. Alipiga kura ili mtoto wake asiende vitani. Mtoto akaenda. Na mke wake hakuruhusiwa kupiga, alibaki nyumbani anapika, alingoja bwana arudi amwambie mambo yamekwendaje. Mwaka uliofuata balikaa babili mezani, kiti cha mtoto kitupu. Alimwambia nini bwana wake? Alinyamaza mpaka lini?

Tarehe 10

Nilikuwa nashona gauni la binti wa Ndayisenga kwa ile mashini. Sasa tunaitumia kwa zamu, ingawa zamu yake hajui kuitumia. Yeye alikuwa anachambua maharagwe. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu hakuwa ananiangalia. Nilisema yote, kanisa, mayai, ukuta, dosye.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mi nilimpigia yule aliyenikimbiza."

"Wapi?"

"Kwetu, Burundi. Nilikwenda kupanga mstari asubui sana, na kitenge kipya. Alishinda, tukacheza mpaka viatu vikakatika. Halafu bantu bake njo balikuja kwetu." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagwe. "Bwana wangu hakukimbia na sisi. Balimkuta."

Nilisimamisha mashini. Nimekaa ukuta mmoja na mama huyu miaka mingi, nikihesabia kikohozi chake, sikujua bwana wake alikwenda wapi. Sikuwahi kumuuliza.

"Ulijisamehe?" nikasema.

"Yoo, Tantine. Asubui unafikiri nasali nini?"

Tarehe 16

Imelia. Niliishika mkononi mpaka ikanyamaza.

Tarehe 24

Mvua inapungua. Mahindi yamekomaa. Ofisi haina neno jipya. Binti ba Ndayisenga bamehamishia mkeka wao upande wa pili, kitanda bameniachia, wala hakuna aliyetangaza.

Tarehe 30

Leo sikungoja ipige. Nilipiga mimi.

Alishika haraka, kabla haijalia vizuri. Nikasikia anapumua tu, kama alivyokuwa anapumua akiwa mdogo, akijificha nyuma ya mlango.

"Elodie."

"Yaya."

"Umekula?"

"Nimekula." Kisha, "Yaya, unanisamehe?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilikuwa na mengine makali, na mengine ya kanisani. Yote yalikuwa ya uongo kidogo. Nikamwambia lile moja lililobaki.

"Hapana. Bado. Niko na hasira na wewe sana, Elodie, na sijui itaisha lini. Lakini unipigie dimanche ijayo, baada ya kanisa. Na ile ingine. Nitashika."

"Nipige hata kama umekasirika?"

"Hata kama nimekasirika."

Akasema, "Ndiyo, Yaya." Nilikaa pale chini ya paa, yeye akakaa kule kwake, na hakuna kati yetu aliyekata.